Mnazi Haukumuua

Mwezi uliopita tulimzika binamu yangu. Mwaka wa kumi ulikuwa unaanza tangu aanguke kutoka juu ya mnazi, na kila aliyepewa nafasi ya kusema neno msibani alisema lile lile: mnazi ndio uliomuua, ulichelewa tu. Nilikaa mkekani nikasikiliza, sikujibu kitu. Msibani si mahali pa kubishana. Nabisha hapa.

Mnazi ulimvunja uti wa mgongo. Ulimnyang'anya miguu, ukamnyang'anya na ile hali ya kujua kwamba kibofu kimejaa. Hayo siyapingi. Lakini kilichomuua ni kiharusi, akiwa na miaka 41, presha yake haijapimwa kwa muda ambao mkewe alishindwa kuukumbuka, na sukari ikagunduliwa siku aliyofikishwa hospitali hajitambui. Presha na sukari hazikuanguka naye kutoka juu. Zilimkuta chini, kitandani, tulikomlaza wenyewe kwa mapenzi tukamwambia: pumzika, ndugu yetu, umeshaumia vya kutosha.

Rai ninayoibishia ipo karibu kila nyumba yenye mtu aliyepooza kwa ajali. Inasema hivi: miguu imekufa, kwa hiyo mazoezi hayana pa kushika. Mgonjwa apumzike, ahudumiwe, aletewe chakula kizuri, anyooshwe viungo asubuhi, aombewe. Akionekana anajikokota na kujisukuma mwenyewe, majirani watasema ndugu zake wamemtupa. Na kama kuna mazoezi yoyote ya maana, basi ni yale ya kumrudisha kutembea. Yakishindwa kumsimamisha, yameshindwa yote.

Rai hii haikuzuka bure. Siku na wiki za mwanzo baada ya ajali, kuutikisa uti uliovunjika kunaweza kumalizia kilichobaki, na madaktari huagiza mgonjwa asiguswe ovyo. Familia hulishika agizo hilo kwa woga mkubwa, na inafanya vyema. Kosa linakuja baadaye: agizo lilitolewa kwa wiki chache, hakuna aliyekuja kulifuta, likageuka sheria ya maisha. Binamu yangu aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na godoro, mipira ya mkojo na tarehe ya kliniki. Tulifundishwa kumgeuza. Hatukufundishwa neno hata moja kuhusu moyo wake.

Tena hatusemi juu ya watu wawili watatu. Kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali ya KCMC, Moshi, zilizochapishwa mwaka 2017, zinaonyesha kwamba kaskazini mashariki mwa Tanzania wanaoumia hivi huumia kwanza kwa kuanguka, kisha kwa ajali za barabarani. Wengi wao ni wanaume walio katika umri wa kufanya kazi. Mkwezi, fundi wa paa, dereva wa bodaboda na abiria wake: hawa ndio tunaowaambia wapumzike, na mtu wa miaka 30 aliyeambiwa apumzike ana miaka mingi sana ya kupumzika.

Dai la kwanza: miguu imekufa, mazoezi ya nini?

Hapa tutenganishe vitu viwili ambavyo katika mazungumzo tunaviita jina moja. Uti wa mgongo ni mifupa, pingili juu ya pingili. Ndani ya pingili hizo mnapita ugwe, kamba ya neva inayobeba amri kutoka kwenye ubongo na habari kutoka mwilini. Mfupa ukivunjika huunga. Ugwe ukikatika hauungi, na kila kilicho chini ya mkato hubaki kama kijiji kilichokatiwa daraja.

Tunaposema miguu imekufa tunataja kile tu tunachokiona. Ugwe haukuwa unabeba amri za miguu peke yake. Neva zinazouharakisha moyo huchomoza kwenye pingili za juu za kifua. Neva zinazoikaza mishipa ya damu huchomoza kuanzia hapo kushuka hadi juu ya kiuno. Kwa hiyo aliyevunjika shingo, hata akijitahidi kwa nguvu zake zote, ubongo wake hauwezi kuusukuma moyo uende mbio. Mapigo yake ni nadra kupita 130 kwa dakika, wakati kijana mzima anayekimbia hufika 190. Mishipa ya miguu imelegea, damu inatuama huko, moyo unaletewa damu kidogo. Na moyo ni msuli: usipopewa kazi, nao hupungua.

Sasa ongeza kitanda. Misuli ya mapaja na makalio ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, na ndiyo inayokula sehemu kubwa ya sukari tunayoila. Ikinyauka, sukari inakosa pa kwenda. Mafuta yanajaa tumboni, yanazunguka ini, na ile lehemu njema inayosafisha mishipa inashuka. Mwaka 1994 watafiti Bauman na Spungen wa hospitali ya maveterani ya Bronx, New York, waliwapima wanajeshi wa zamani waliovunjika uti wakawalinganisha na wenzao wasioumia. Wenye kisukari walikuwa asilimia 22 upande mmoja na asilimia 6 upande wa pili. Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za Wakanada zaidi ya 60,000. Hata baada ya umri na jinsia kuwekwa sawa, waliokuwa na jeraha la ugwe walionekana na uwezekano wa ugonjwa wa moyo mara 2.7 ya wengine, na wa kiharusi mara 3.7.

Nikisoma tarakimu hiyo ya mwisho namwona binamu yangu.

Zamani watu hawa hawakufikia hatua ya kuugua moyo. Waliuawa mapema na figo zilizooza kwa mkojo uliokwama, na vidonda vya kulalia vilivyofika kwenye mfupa. Mipira safi ya mkojo na dawa za kuua bakteria zimewaongezea miaka, na ndani ya miaka hiyo moyo umepata nafasi ya kudai. Kumponya mtu na figo kisha kumwacha mikononi mwa presha ni kazi ya nusu.

Angalia basi dai linavyojipindua. Mwenye miguu mizima hupata mazoezi bila kuyatafuta: anakwenda sokoni, anakimbilia daladala, anapanda ngazi za ofisi ya kata. Aliyepooza hana hata hatua moja ya bure. Kila jasho lake lazima alitafute kwa makusudi, kwa mikono, mabega na kifua. Kati ya hao wawili, tumemwambia yule wa kwanza aende jogingi na yule wa pili alale.

Na hasara imefichika pia machoni. Tunamwangalia mtu aliyekonda miguu tukadhani hajanenepa. Kile kipimo cha uzito kwa urefu kinachotumika kliniki, ambacho humhesabu mtu kuwa na unene uliokithiri akifika 30, kwa aliyepooza kinadanganya, kwa sababu msuli umetoka na mafuta yameingia bila mzani kushtuka. Watafiti wa Kanada walipendekeza kwake mpaka uwe 22. Huko kliniki binamu yangu alisifiwa kwa kuwa hakunenepa.

Dai la pili: mazoezi anayapata, tunamnyoosha kila siku

Kila asubuhi mkewe alimkunja magoti na kuyakunjua, akamzungusha vifundo, akampaka mafuta ya nazi. Mara mbili kwa wiki alikuja mzee wa kuchua. Kazi hiyo ni njema na isiachwe. Bila hiyo viungo hukauka vikajikunja, na mtu haketi tena vizuri kwenye kiti. Lakini moyo wa mgonjwa haukushiriki. Mapigo yake yalibaki pale pale yalipokuwa amelala. Aliyetokwa jasho katika chumba kile alikuwa mkewe.

Wengine husema anajisukuma kwenye kiti, hayo yatosha. Kujisukuma kutoka chumbani hadi ukumbini ni mita chache, pumzi haibadiliki. Zoezi la moyo ni lile linalomfanya mtu aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Kwa aliyevunjika shingo hicho ndicho kipimo cha kuaminiwa, maana kuhesabu mapigo kwake hakusemi kweli.

Dai la tatu: mazoezi yatamwua

Hili ndilo dai lenye nguvu kuliko yote, na anayelitoa anastahili kujibiwa kwa utaratibu, kwa sababu hatari zipo.

Ipo presha inayopanda ghafla. Humpata hasa mwenye jeraha la pingili ya sita ya kifua au juu ya hapo. Kitu kinauudhi mwili sehemu ambayo haina tena mawasiliano na ubongo, mishipa ya chini inajikaza yote kwa pamoja, na ubongo hauna njia ya kuiamuru ilegee. Kichwa kinauma kama kinapasuka, jasho linamtoka usoni, pua inaziba, vipele vya baridi vinasimama. Ni dharura, na isipotulizwa inaweza kupasua mshipa kichwani. Lakini waulize wanaodai kitanda ni salama: ni kitu gani kinachoiamsha presha hiyo mara nyingi zaidi? Ni kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo uliojikunja. Baada ya hapo ni choo kilichokwama, kidonda cha kulalia, ukucha uliozama nyamani, mkanda uliobana. Vitu hivyo vyote viko kitandani. Familia inayokataza mazoezi kwa kuogopa presha hiyo, na haijui kwamba ikitokea mgonjwa akalishwe wima, nguo zilegezwe na mpira uangaliwe kabla ya jambo lingine, imejilinda na kivuli ikauacha mwili. Anayefanya mazoezi humwaga mkojo kwanza. Tayari amepunguza hatari ambayo aliyelala amelala nayo.

Ipo presha inayoshuka. Ukimkalisha ghafla aliyelala siku nyingi, anaona giza. Dawa yake ni kumwinua kidogo kidogo na kumfunga kitambaa kipana tumboni. Kuendelea kumlaza kunaizidisha hali hiyo: kadiri anavyolala ndivyo mishipa inavyosahau.

Lipo joto. Chini ya jeraha hatoki jasho sawasawa, na aliyevunjika shingo anaweza kuchemka mwili mzima kwenye jua la saa nane la Dar es Salaam au Mombasa. Basi afanye alfajiri au jioni, kivulini, na taulo lililolowa shingoni. Hata mchezaji mpira mwenye akili hafanyi mazoezi saa nane.

Ipo mifupa. Miguu isiyobeba uzito hupoteza madini kwa kasi katika mwaka wa kwanza na wa pili, na paja linaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu wakati wa kuhama kutoka kitandani kwenda kitini, wala mwenyewe asisikie maumivu. Hiyo ni sababu ya kujifunza kuhama vizuri, kwa mikono yenye nguvu. Mikono isiyo na nguvu ndiyo inayomwangusha.

Na yapo mabega, ambayo nayaheshimu kuliko hoja nyingine zote. Bega la aliyepooza limekuwa mguu wake. Akiliumiza, amepooza mara ya pili. Maumivu ya bega ni ya kawaida mno kwa wanaotumia viti vya magurudumu, na mtu anayeona mwenzake akiguna kila anaposukuma gurudumu ana haki ya kusema: mwache. Lakini bega halichoki kwa mazoezi ya busara. Linachoka kwa kusukuma mbele tu, siku nenda siku rudi, huku misuli ya nyuma inayolishika mahali pake ikiwa dhaifu. Mwaka 2011 wataalamu wa hospitali ya Rancho Los Amigos huko California walitangaza matokeo ya watu waliopooza miguu na wenye maumivu ya mabega. Baadhi yao walifundishwa mazoezi ya nyumbani ya wiki 12, pamoja na namna bora ya kusukuma kiti na kujihamisha. Maumivu yalipungua sana kwao. Kwa wale walioonyeshwa tu video ya maelezo, hayakupungua. Jawabu la bega linalouma likawa zoezi, na zoezi lenyewe zaidi ni la kuvuta.

Kwa hiyo ndiyo, aanze kwa kuonana na daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo, aanze polepole, na asifanye akiwa na homa au kidonda kibichi. Hayo ni masharti ya kuanza. Tumeyageuza kuwa sababu za kutoanza.

Dai la nne: ugonjwa uko mgongoni, kichwa chake ni kizima

Miaka ya mwisho binamu yangu alibadilika. Alisahau alichoambiwa asubuhi. Hesabu za duka la mkewe, alizokuwa akizifanya kwa kichwa, zikawa zinamponyoka. Akawa mtu wa hasira fupi na usingizi mrefu. Tulisema ni mawazo. Tulisema amekata tamaa, nani asingekata tamaa? Hakuna aliyefikiri kwamba ubongo wenyewe ulikuwa unateseka, kwa kuwa haukuanguka ubongo, uliumia mgongo.

Ubongo ndio unaoishi kwa hisani ya moyo kuliko kiungo kingine chochote. Uzito wake ni asilimia 2 tu ya mwili, na unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Mtu ambaye presha yake hushuka kila anapoketi, kisha hupanda kwa kishindo kila kibofu kinapojaa, ana ubongo unaonyimwa damu asubuhi na kupigwa na mafuriko mchana. Aliyevunjika shingo mara nyingi pumzi yake hukatika usingizini, na ubongo unakosa hewa usiku kucha. Aliyeanguka mita kadhaa huenda kichwa nacho kiligonga, na kwa kuwa kila mtu alikimbilia mgongo, kichwa hakikuchunguzwa. Mwaka 2017 watafiti wa Sydney waliwalinganisha watu wenye jeraha la ugwe na wasio nalo, wakakuta uwezekano wa udhaifu wa kumbukumbu na wa kufikiri uko mara kadhaa zaidi kwa walioumia. Zaidi ya hayo kuna kiharusi, ambacho tumeshaona uzito wake.

Mazoezi yanaingia hapa kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mishipa: hupunguza sukari, mafuta na ugumu wa mishipa, ambavyo ndivyo viharibifu vya ubongo. Mlango wa pili ni ubongo wenyewe. Mwaka 2011 kikundi cha watafiti wa Marekani kilionyesha kwamba wazee 120 walipogawanywa mafungu mawili, waliotembea kwa mwaka mmoja iliongezeka kwa asilimia 2 sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayotunza kumbukumbu. Waliofanya kujinyoosha tu ilizidi kupungua. Wazee hao walikuwa na miguu, atasema mtu. Kweli. Lakini misuli ya mikono nayo inapofanya kazi humwaga kwenye damu kemikali zinazoulisha ubongo, na kwa wanariadha waliopooza wanaoendesha baiskeli za mikono protini mojawapo ya hizo imepimwa ikaonekana kupanda baada ya mazoezi. Huko McMaster, Kanada, watu 34 wenye jeraha la ugwe waligawanywa kwa kura mwanzoni mwa miaka ya 2000: kundi moja lilifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miezi tisa, jingine likaendelea na maisha yake. Waliofanya mazoezi waliongeza nguvu, na pamoja na nguvu walieleza kupungua kwa maumivu, msongo na sonona.

Tulimwombea binamu yangu apate moyo wa subira. Tungeliuchangamsha na ule moyo mwingine, wa nyama, huenda subira ingepata damu ya kuishi.

Dai la tano: atafanya mazoezi akianza kupona

Dai hili linaniuma kwa sababu linajificha nyuma ya matumaini. Familia zinauza shamba ili mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu wa mitishamba aliyeahidi atatembea baada ya siku 40. Zinalipia apelekwe mbali, asimamishwe kati ya vyuma viwili, aburuzwe hatua tano. Fedha za kununua mguu zinapatikana. Fedha za kumlindia moyo hazipatikani, ingawa zinazohitajika ni chache mno. Na siku mguu unapokataa, kila kitu kinaachwa, maana tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mazoezi yana kazi moja tu.

Aliyeuvunja mtazamo huo alikuwa daktari mkimbizi. Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani aliyewatoroka Wanazi mwaka 1939, alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa uti huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwezi Februari 1944. Wakati huo waliopooza walilazwa wakisubiri kufa, na wengi hawakusubiri muda mrefu. Guttmann aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kisha akawatia kwenye viti na kuwatia kwenye michezo. Hakuwaahidi miguu. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, alipanga mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde. Walishindana watu 16, wanaume 14 na wanawake 2, wote wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Hapo ndipo ilipozaliwa michezo ya Paralimpiki. Kenya na Uganda zilipeleka watu wao mwaka 1972 huko Heidelberg, Tanzania ikafuata mwaka 1992 huko Barcelona. Habari hizi tunazo kwa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 2012 Zack Kimotho, Mkenya aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini, ili wananchi wachange fedha za kujenga kituo cha kurekebisha waliovunjika uti. Watu wengi walimwonea huruma barabarani. Mimi nilipotazama picha zake niliona mikono. Mtu tunayemwita mgonjwa wa kulala alikuwa anasukuma kiti kando ya malori.

Dai la sita: hatuna vifaa

Hapa nawajibu watu wawili tofauti, kwa sababu dai hili lina midomo miwili.

Familia inaposema haina vifaa, naieleza kinachotakiwa. Mwongozo uliotayarishwa na wataalamu wa mataifa mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2018 unasema: ili mwenye jeraha la ugwe apate nguvu na pumzi, afanye dakika 20 za zoezi la kuhemesha mara mbili kwa wiki, na aitumikishe kila misuli mikubwa inayomtii, seti tatu, mara mbili kwa wiki. Akitaka kuulinda moyo na kudhibiti sukari, zile za kuhemesha ziwe dakika 30 mara tatu. Hizo ni dakika 90 katika wiki yenye dakika 10,080. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ule ule ambao watoto hukatia manati, ukifungwa kwenye nguzo ya mlango unavuta bega vizuri kabisa. Chupa mbili zilizojazwa mchanga ni uzani. Ngumi za kurusha hewani kwa kasi, mtu ameketi na kufungwa mkanda asianguke, zinahemesha. Barabara ya shule isiyo na magari, saa kumi na mbili asubuhi, inasukumika. Asiyeweza kukunja vidole afungiwe mpira mkononi kwa kitambaa. Ya kununua ni machache; kinachokosekana ni mtu wa kuja nyumbani mara ya kwanza na kuonyesha.

Serikali inaposema haina vifaa, jibu langu ni jingine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Kenya iliridhia mwaka 2008. Mkataba huo unataja afya, unataja urekebishaji, unataja hata michezo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo yake ya mazoezi mwaka 2020 liliwataja kwa mara ya kwanza watu wenye ulemavu. Yote hayo yametiwa saini au kupokewa, na bado mtu anatolewa wodini bila karatasi moja ya maelezo kuhusu mazoezi. Kupima presha na sukari mara mbili kwa mwaka katika zahanati ni kazi ya dakika tano, na zahanati nyingi zina ngazi mlangoni. Tunalipia kitanda cha kiharusi, tunalipia dawa za kisukari, tunampoteza mke wa mgonjwa kazini kwa miaka tisa, halafu tunasema mpira wa manati ni gharama.

Ninachotaka ni kidogo tu. Kila anayeruhusiwa kutoka hospitali kwa jeraha la ugwe arudi nyumbani na siku iliyoandikwa ya kuanza mazoezi, jina la mtu wa kumwonyesha, na tarehe ya kupimwa presha, sukari na mafuta. Na wewe msomaji, ukienda kumwona ndugu yako aliyepooza, usimuulize lini atatembea. Kaa naye nje saa ya jioni, mshikie upande mmoja wa mpira, avute.

Mjane ameniomba nimtafutie mtu wa kumpa kiti cha marehemu. Nimekikagua. Fremu ni nzima, breki zinashika, na nakshi za matairi ya nyuma hazijalika hata kidogo.